Uliza Fundi wa Sauti: Ganuni ya Shangazi Imenyamaza

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Kisauni, narekodi taarabu na bango chumbani kwetu tangu 2012. Kompyuta yangu ya Windows 7 ilikufa Ramadhani iliyopita. Fundi wa Mwembe Tayari alipoifungua alikuta ubao wake umeliwa na kutu, ila diski ilipona. Nimenunua laptopu ya mtumba yenye Windows 11, nikaweka toleo jipya la programu yangu ile ile ya kurekodi. Sasa nikifungua wimbo wa dakika 8 nilioufanya na marehemu shangazi yangu, sauti yake ipo, fidla ipo, lakini ganuni, udi na besi kimya. Naambiwa plagini (vile vijiprogramu vinavyotoa sauti za ala hizo) hazikupatikana, na faili zake za dll naziona kwa macho kwenye folda! Ile ya ganuni niliipakua bure, na tovuti ya aliyeitengeneza haipo tena. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu shangazi. Kabla ya lolote, usiuhifadhi wimbo huo ndani ya programu mpya. Funga bila kuhifadhi, kisha nakili folda nzima kwenye diski ya nje. Mipangilio ya ganuni yako imo ndani ya faili ya wimbo, hata kama plagini haifunguki. Programu nyingi huitunza hata ukihifadhi, lakini si zote, na huu si wakati wa kujaribu bahati.

Kilichokupata ni hiki. Plagini zako, kwa jinsi unavyozieleza, ni za VST2 tena za biti 32. VST ni kanuni ya kuunganisha ala na programu ya kurekodi, iliyoletwa na Steinberg ya Ujerumani mwaka 1996 pamoja na Cubase, programu yake ya kurekodi. VST2 ikafuata 1999, VST3 ikaja 2008. Kwa miaka mingi zote mbili zilikaa nyumba moja, wala hakuna aliyeona sababu ya kuhama. Oktoba 2018 Steinberg ikaacha kutoa vifaa vya kutengenezea VST2 na mikataba mipya kwa watengenezaji wa plagini. Aliyekwisha kutia sahihi aliruhusiwa kuendelea, asiyetia alibaki nje. Januari 2022 ikatangaza kwamba programu zake zenyewe zitaacha kuzipokea VST2 ndani ya miezi 24.

Biti ni jambo jingine tena: 32 ni ujenzi wa zamani wa programu, 64 ni wa sasa. Programu ya biti 64 haiwezi kuipakia dll ya biti 32 moja kwa moja. Lazima pawe na programu ndogo pembeni inayoiendesha na kupitisha sauti, na hiyo sisi twaiita daraja. Watengenezaji wengine waliliondoa daraja zamani; Cubase 9, mwishoni mwa 2016, haikuzipokea tena plagini za biti 32. Ndiyo maana faili unaiona na programu inasema haipo. Ipo, lakini haina wa kuifungulia.

Najua uchungu wake. Mwaka 2017 nilisasisha programu yangu hapa Majengo bila kufikiri, na nyimbo 6 za mzee mmoja wa Bondeni zikafunguka bila ganuni. Alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Nikatafuta plagini nyingine ya ganuni, nzuri, ya bei, nikaipa noti zile zile za MIDI, yaani maagizo ya noti gani ipigwe lini, bila sauti yenyewe. Mjane wake alikuja kusikiliza. Hakumaliza ubeti wa kwanza, akaniambia, "Mwanangu, hii si sauti yake, hii yaimba kizungu." Alisema kweli. Wimbo ulikuwa wa rasti, ngazi ya sauti ya Kiarabu, na sauti ya 3 ya rasti hukaa kati ya funguo 2 za kinanda. Ile plagini ya zamani niliirekebisha kwa mkono mbele ya mzee mwenyewe, yeye akipiga udi na mimi nikishusha kidogo kidogo hadi akaitikia kwa kichwa. Marekebisho hayo yalikuwa ndani ya plagini, hayakuandikwa popote pengine. Wiki 2 nilihangaika kuyarudisha. Hadi leo sina hakika na wimbo mmoja kati ya zile 6.

Kwa hiyo usikimbilie kutafuta ganuni mpya. Tafuta lile toleo la zamani la programu yako, la biti 32, ulilotumia kwenye Windows 7. Chungulia diski iliyopona, huenda faili ya kusakinishia bado imo. La sivyo ingia kwenye akaunti yako kwa mtengenezaji, kwani wengi huwaachia wateja matoleo ya nyuma. Windows 11 ya kawaida, yenye prosesa ya Intel au AMD, bado huendesha programu nyingi za biti 32. Lisakinishe kando ya jipya, zirudishe dll kwenye folda yenye jina lile lile la zamani, kisha fungua nakala, si wimbo wenyewe.

Ganuni ikilia, usiguse kitu kingine. Ibaunsi pale pale iwe sauti ya WAV, peke yake, kuanzia mwanzo kabisa wa wimbo hata kama inaingia dakika ya 2, ili traki zote zikutane mahali pamoja. Halafu udi, halafu besi. Biti 24 na kHz 48 zatosha. Hata ukiwa na traki 14, zote za stirio, hazifiki GB 2. Ukimaliza, piga picha madirisha ya plagini yaonyeshe kila kitufe, na uhifadhi mpangilio wa kila moja kama faili ya fxp.

Toleo la zamani likikosekana kabisa, Reaper ya Windows, programu nyingine ya kurekodi, ina daraja lake, na jBridge huongeza daraja kwenye programu zinazopokea VST2. Lakini Reaper huenda isiisome faili ya wimbo wako, basi toa kwanza noti za MIDI. Hapo utapata noti na ala, bila mipangilio. Kama wimbo ni wa rasti inayoanzia C, shusha E na B kwa senti 50 (nusu ya hatua kati ya funguo 2 jirani za kinanda), kisha kaa na sauti ya shangazi peke yake, umsikilize anapotua. Yeye ndiye atakuongoza, maana mwimbaji wa taarabu huishika sauti hiyo koo lenyewe. Senti 50 ni pa kuanzia tu.

Na ukipata plagini yako ikiwa na toleo la VST3, usiifute ile ya zamani. Programu huzihesabu kama plagini 2 tofauti, isipokuwa mtengenezaji awe ameziunganisha kwa makusudi.

SWALI: Nina Mac ya M1, narekodi kwaya yetu ya Changamwe. Nusu ya plagini zangu ni za Intel, na kompyuta inanihimiza kila siku nisasishe. Nisasishe?

JIBU: Si sasa, ndugu yangu. Plagini zako za Intel zinategemea Rosetta 2, mkalimani anayeziwezesha kufanya kazi kwenye prosesa ya Apple kama M1 yako, na Apple ilitangaza 2025 kwamba Rosetta itabaki kamili hadi macOS 27. Baada ya hapo itaachwa sehemu tu, kwa ajili ya michezo ya zamani. Wenye plagini za biti 32 walikatiwa 2019 na macOS Catalina, wengi wakajua baada ya kusasisha. Maliza nyimbo za kwaya, baunsi kila traki, kisha waandikie watengenezaji mmoja mmoja uwaulize kama wana toleo la prosesa ya Apple. Atakayekaa kimya, plagini yake usiianzie wimbo mpya.