Mtunzi au mwalimu wa kwaya? Kwanza niambieni jina lilipotelea wapi

Mmeuliza wiki hii: wimbo wa kwaya ni wa mtunzi au wa mwalimu anayeuimbisha? Ni wa mtunzi, na sioni cha kubishania. Linaloniuma ni jinsi jina lake linavyopotea njiani.

Mwaka mmoja, katikati ya Majilio, mwalimu wetu alileta nakala ambayo juu yake imeandikwa "Kengele", basi. Na mnajua kwetu, nakala isiyo na jina la mtunzi ni kesi. Sauti ya kwanza walipewa do-ti-do-la, do-ti-do-la, bila kupumzika, hadi mama mmoja mkongwe wa kwaya akauliza kama mtunzi aliishiwa nota. Tulicheka sana, mwalimu hakucheka. Umeme ukakatika. Akasema tuendelee, kwani nota nne nani atazisahau? Sauti ya pili wakaingia wakiburuza nota moja ndefu, teno wakafuata, sisi besi tukawahi kuingia, tukagombezwa, tukawahi tena. Mlinzi akaja na tochi kuona kuna nini, akabaki mlangoni akisikiliza. Tulipomaliza nikauliza wimbo ni wa nani. "Wa Wamarekani," mwalimu akajibu, akakusanya nakala zake.

Si wa Wamarekani. Ni wa Mykola Leontovych wa Ukraine, mtoto wa padri wa Kiorthodoksi, aliyezaliwa 1877. Unaitwa Shchedryk, na hauna kengele hata moja: mbayuwayu anamwita mwenye nyumba atoke akaone kondoo wake waliozaa. Ni wimbo wa kutakiana heri ya Mwaka Mpya. Kengele zilitiwa na Peter Wilhousky, mwalimu wa kwaya wa New York, katika maneno ya Kiingereza ya 1936. Mwalimu wa kwaya tena!

Ila kuna Oleksandr Koshyts. Yeye ndiye aliyeuimbisha kwanza, Kyiv, 1916, na wanafunzi wa chuo kikuu. Mwaka 1919 serikali changa ya Ukraine ilimtuma na kwaya nje, mataifa yasikie kwamba kuna taifa pale. Waliondoka Wabolsheviki, wakomunisti wa Urusi, wakikaribia Kyiv. Wakaimba Prague, Paris, London, na Oktoba 1922 wakafika ukumbi wa Carnegie Hall, New York. Leontovych alikuwa amekwisha kufa. Januari 1921 wakala wa Cheka, polisi wa siri wa Wabolsheviki, aliomba malazi nyumbani kwa baba yake Leontovych, kijiji cha Markivka, akapokewa, na asubuhi akampiga risasi mtunzi. Koshyts naye hakurudi kwao tena. Alifia Kanada, 1944.

Sasa nasitasita. Nota zile nne Leontovych alizikuta kwa wanakijiji. Kazi yake ilikuwa kuzipanga kwa sauti, akizirekebisha kwa miaka. Tena alikuwa mwalimu wa kwaya mwenyewe: aliwafundisha wafanyakazi wa reli wa stesheni ya Hryshyne, mji ambao taarifa za vita leo zinauita Pokrovsk. Bila Koshyts huenda kazi hiyo ingebakia kabatini.

Basi, mkinibana, nampa mwalimu. Kwa wimbo huu tu, na awe mwalimu anayejua alikoutoa. Wetu simhesabu. Au nimhesabu nusu, maana nisingeujua.