Barua kwa Mwanangu: Chumvi Ikishayeyuka Majini

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma na kuirudia. Umeniandikia kwamba wewe na mwalimu mwenzako mmebishana mbele ya wanafunzi na hamjapatana hadi leo. Yeye anashikilia kwamba chumvi inapoyeyuka majini hilo ni badiliko la kifizikia, kwa sababu maji yakivukizwa chumvi hurudi vilevile ilivyokuwa. Wewe unashikilia kwamba ni badiliko la kikemikali, kwa sababu fuwele, yaani punje yenye chembe zilizojipanga kwa utaratibu, imevunjika, na kinachoelea majini si chumvi ile tena bali ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Unataka nikuambie nani kati yenu amesema kweli, tena kwa sentensi moja, ili uende nayo darasani.

Sentensi hiyo ninayo, na imenijaa mdomoni, ila nitaizuia kwanza, kwa sababu swali linalonishughulisha tangu niifungue barua yako ni jingine. Mtu ambaye hajawahi kuiona atomu kwa macho yake, naye ni karibu kila mmoja wetu, anajuaje kwamba ndani ya chombo kimetokea kitu kipya, na si kitu kilekile kilichojibadilisha sura? Hilo ndilo nitakalolijibu, na wewe unanijua mama yako, nitaanza pale ninapoanza siku zote: kipimo kwanza, jina baadaye.

Chukua maji, gramu 18. Yagandishe, nawe utapata gramu 18 za barafu, ingawa barafu hiyo itachukua nafasi kubwa zaidi kwa takriban asilimia 9. Yachemshe hadi yaishe na uukusanye mvuke wote, gramu zitabaki 18, ingawa mvuke huo utajaza nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji. Kilichobadilika katika hali hizo tatu ni ukaaji wa molekuli tu: katika yabisi zimeshikana kwa mpangilio, katika kimiminika zinapishana zikiwa bado karibu karibu, na katika gesi kila moja imekwenda zake. Hakuna molekuli hata moja iliyovunjika. Sasa pitisha umeme katika maji hayohayo mpaka yaishe, nawe utapata gramu 2 za haidrojeni na gramu 16 za oksijeni, gesi mbili ambazo ukizichanganya na kuzipoza kadiri utakavyo hazitageuka kuwa maji mpaka uziwashe. Hapo kampaundi, yaani dutu iliyoundwa kwa elementi zilizoungana, imevunjwa na elementi zake zimeachana. Utasema, basi mizani yako, Mama, imeshindwa, maana ni 18 huku na 18 kule. Haijashindwa hata kidogo. Imekuhakikishia kwamba hakuna kilichopotea wala kilichozuka, na ukishakuwa na uhakika huo ndipo unapoweza kuuliza gramu zilezile zimejipanga vipi upya. Asiyekuwa na uhakika huo hana haki ya kuuliza swali la pili.

Unalijua chimbuko la ukaidi wangu huu, kwa kuwa marehemu babu yako alilisimulia kila tulipokutanika, na kila mara alilisimulia vibaya. Yeye alipenda kusema kwamba nilirudi nyumbani nikilia. Sikulia. Nilikuwa kidato cha pili, na mwalimu aliuliza kama kipande cha chuma kikishika kutu chote uzito wake utazidi au utapungua. Nilisimama nikasema utazidi, na nilipoulizwa sababu nikajibu kwamba kutu ni chuma pamoja na oksijeni, na mtu aliyeongezewa mzigo hawezi kuwa mwepesi kuliko alipokuwa mikono mitupu. Mwalimu akasema kwamba kutu hula chuma, na kinacholiwa hupungua, akatoa mfano wa bati kuukuu lililotoboka. Darasa zima likacheka. Kisha akalichukua daftari langu na kutia alama ya kosa kwa wino mwekundu juu ya jibu lililokuwa sahihi. Jambo hilo linaniuma hadi leo, wala sioni haya kulisema. Kicheko kilikwisha siku ileile. Kinachouma ni kwamba mizani ilikuwa mezani, hatua chache kutoka pale aliposimama, na hakuna aliyeigusa.

Nimejaribu mara nyingi kumtetea mwalimu yule. Bati lililotoboka kweli ni jepesi kuliko lilipokuwa jipya, na hilo alikuwa ameliona kwa macho yake. Alichokisahau ni chembe zilizodondoka chini. Gramu 112 za chuma zikiungana kikamilifu na oksijeni huchukua gramu 48 za gesi hiyo na kuwa gramu 160 za oksaidi, na kutu ya kawaida hubeba maji pia, kwa hiyo uzito huzidi hata hapo. Ukizikusanya chembe zote na kuziweka pamoja na bati lenyewe, hesabu itakuambia ukweli. Basi nasema alikosea kwa sababu ya kutokusanya, si kwa sababu ya kutoona. Halafu najijibu mwenyewe kwamba mwalimu wa sayansi ambaye hakusanyi hana tofauti na asiyeona. Halafu tena nakumbuka kwamba wanakemia wa Ulaya waliokuwa mabingwa wa zama zao waliamini kwa miaka mingi kwamba kila kinachoungua hutokwa na dutu waliyoiita flojistoni, ingawa ilikwisha kuonekana kwamba metali zikichomwa huongezeka uzito. Ilimpasa mwanakemia Mfaransa Antoine Lavoisier aipashe moto metali ya stani (tin kwa Kiingereza) katika chombo kilichozibwa kabisa, akaonyesha mnamo 1774 kwamba uzito wa chombo kizima haukubadilika mpaka kilipofunguliwa na hewa ikaingia kwa nguvu kujaza nafasi ya ile iliyokwisha kumezwa na metali. Kama mabingwa wale walihitaji mtu wa kuziba chombo, huenda nimekuwa mkali mno kwa mwalimu wangu. Huenda. Wino ule mwekundu lakini haukuhitajika.

Furaha niliyoipata baadaye ilinilipa, na wewe ulikuwepo. Ni ile siku niliyokuchukua kwenda nawe maabara, nikakusimamisha juu ya stuli mbele ya mizani ya mikono miwili. Nilichukua fundo la nyuzi nyembamba za chuma, zile za kusugulia, nikazichambua ili hewa ipite katikati yake, nikazitundika upande mmoja, kisha nikaweka mawe ya mizani upande wa pili hadi mkono ukalala sawa. Nikazigusisha moto. Hakukuwa na mwali wala moshi wa kutajika. Cheche nyekundu zilitambaa kutoka uzi hadi uzi, na kila zilipopita ziliacha rangi nyeusi yenye kuelekea buluu, na nyuzi zilizokuwa zikipindika kwa ulaini zikawa kavu na rahisi kuvunjika. Upande ule ukaanza kushuka. Ulishuka polepole mbele ya macho yetu, kwa uzito wa oksijeni iliyotoka hewani, na wewe, ambaye hujaanza hata kusoma, ukasema kwa sauti kwamba chuma kimekuwa kizito. Nilitamani darasa langu zima la kidato cha pili liwe limesimama nyuma yako.

Nimekwenda mbali, lakini sijaiacha chumvi yako. Pima gramu 35 za chumvi na gramu 100 za maji. Chumvi yote itayeyuka kwenye joto la kawaida, hicho kikiwa karibu kiwango cha mwisho ambacho maji hayo yanaweza kukibeba, na mizani itasoma 135. Ujazo utakuwa pungufu kidogo ya jumla ya ujazo wa viwili hivyo vikiwa mbalimbali, na kipimajoto kitashuka kidogo. Chumvi kavu haipitishi umeme, maji safi hupitisha kwa shida mno, lakini myeyusho wao huupitisha vizuri. Hayo ndiyo tunayoyaona kabla hatujaleta jina lolote, na lenye uzito kuliko yote ni hilo la umeme.

Hapo ndipo mwanakemia Svante Arrhenius alipojikuta matatani. Mwaka 1884 aliwasilisha tasnifu yake kuhusu upitishaji wa umeme katika miyeyusho katika Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Uswidi, akapewa daraja la chini lililomwezesha kupita kwa taabu. Miaka mitatu baadaye alilitangaza wazo lake kwa ukamilifu, kwamba chumvi ikiyeyuka hujigawa kuwa chembe zenye chaji hata pasipo mtu kupitisha umeme wowote. Waliompinga walikuwa na hoja yenye maana: sodiamu ni metali inayowaka ikiguswa na maji, na klorini ni gesi ya kijani yenye sumu, sasa vitakaaje kwa utulivu ndani ya bilauri moja? Jibu ni kwamba havimo humo. Kilichomo ni ioni ya sodiamu, yaani atomu iliyokwisha kupoteza elektroni moja, na ioni ya kloraidi, yaani atomu ya klorini iliyokwisha kuipokea, na tabia za ioni hazifanani na tabia za elementi zilikotoka. Mwaka 1903 mtu huyohuyo alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Kila nikikisoma kisa chake nafarijika, na unajua kwa nini.

Lakini usishangilie mapema kwa kuona Arrhenius amesimama upande wako. Mwaka 1913 mwanafizikia William Bragg na mwanawe Lawrence walichunguza fuwele za chumvi kwa miale ya eksirei, wakaona kwamba ndani yake hakuna molekuli za chumvi zilizojitenga mbili mbili. Kila sodiamu imezungukwa na kloraidi sita na kila kloraidi imezungukwa na sodiamu sita, mpangilio mmoja unaoendelea hadi ukingoni. Maana yake ioni zilikuwamo katika yabisi tangu mwanzo. Maji hayakuziumba, yalizitenganisha tu. Tena ukiipasha chumvi kavu joto hadi nyuzi 801 za Selsiasi, itageuka kimiminika, fuwele itavunjika vilevile, ioni zitaachiwa na umeme utapita, na hakuna anayeliita hilo jambo lolote isipokuwa badiliko la hali ya maada. Kwa hiyo sababu uliyoitoa, kwamba fuwele imevunjika, haitoshi kukubeba.

Na ya mwenzako pia haitoshi. Anasema chumvi hurudi. Mwambie achukue gramu 250 za fuwele za buluu za salfeti ya shaba na azipashe joto taratibu: zitabaki gramu 160 za unga mweupe, na gramu 90 za maji zitaondoka kama mvuke. Adondoshee maji juu ya unga uliopoa, naye ataona buluu ikirudi na kuhisi chombo kikipata moto mkononi. Badiliko hilo linarudi nyuma kama la chumvi, na bado vitabu vinalihesabu kuwa mmenyuko wa kikemikali, kwa sababu maji yameungana na salfeti ya shaba kwa uwiano maalumu, hayakulowanisha tu. Kurudi peke yake, basi, si ushahidi. Na chumvi yako nayo, ikiwa majini, kila ioni yake imezungukwa na molekuli za maji zilizoigeuzia upande unaovutwa na chaji yake. Je, huo si muungano mpya? Ni mshiko wa kweli, wenye nguvu inayopimika, kwani bila huo fuwele isingekubali kuachana. Ila hauna uwiano maalumu kama ule wa salfeti ya shaba, unabadilika kila unapoongeza au kupunguza maji, na molekuli za maji huingia na kutoka kila nukta. Nikiutazama hivi nasema mwenzako ameshinda. Nikiutazama vile nasema umeshinda wewe.

Vitabu vya shule vitakuambia kwamba ni badiliko la kifizikia, na mtahini atataka hivyo, basi wanafunzi wasiadhibiwe kwa ajili ya ubishi wetu. Hukumu yangu mimi ningeiandika hapa kwa mstari mmoja, na mkono unaniwasha kuiandika. Naizuia kwa sababu mkishapewa jina mtaacha kupima, na ninyi bado hamjapima, au kama mmepima hukuniambia. Kipimo kwanza, mwanangu.

Fanyeni hivi, nyote wawili mkiwapo na wanafunzi wakiona. Pimeni chombo cha kauri kikiwa kitupu na kikavu, kisha chumvi, kisha maji, na kila tarakimu iandikwe ubaoni kabla ya kuendelea. Jaribuni umeme kabla na baada. Mnapovukiza, punguzeni moto mapema na mfunike chombo kwa kifuniko kilicholegezwa, kwa sababu chumvi ikikaribia kukauka hurukaruka, na chembe zitakazoruka nje zitawafanya mdhani kwamba kuna kilichopotea katika kemia wakati kimepotea sakafuni. Msipime chombo kikiwa bado cha moto, maana hewa inayokizunguka hupanda na mizani husoma pungufu. Kiacheni kipoe kabisa kikiwa kimefunikwa, mahali pakavu, kisha mkipashe tena kidogo, mkipoze na kukipima upya, hadi vipimo viwili vinavyofuatana vilingane. Mwenzako ndiye asome mizani, wewe uandike, na tarakimu zote mnitumie, pamoja na zile ambazo hazikuwapendeza.

Msalimie mwenzako huyo.

Wako akupendaye,
Mama