Maswali ya Wasomaji: Faida ya Kaizen Hutoka Wapi?

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni msimamizi wa zamu katika kiwanda cha sabuni huku Changamwe. Mwenye kiwanda amekataa kununua mtambo mpya. Anataka tuanze kaizen, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo kila siku. Wenzangu wanahofia kwamba huo ni ujanja wa kupunguza watu. Je, faida yake hasa hutoka wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, hutoka pale pesa zilipolala, na katika kiwanda kama chenu aghalabu zimelala pale kalibu (vifaa vinavyoipa sabuni umbo) zinapobadilishwa. Mtambo ukisimama ili kalibu ya mche itolewe na ya kipande kidogo itiwe, mishahara na kodi ya jengo havisimami. Ndiyo maana wasimamizi wengi hupiga sabuni ya aina moja siku nyingi mfululizo, maboksi yakajaa bohari yakingoja mnunuzi, huku mkopo wa mafuta ya mawese ukizaa riba.

Mwaka 1969 mhandisi Shigeo Shingo aliitwa na Toyota, ambako kubadilisha kalibu za mashine ya kukandamiza mabati yenye nguvu ya tani 1,000 kulichukua saa 4. Muda huo ulishuka hadi dakika 90, na hatimaye dakika 3, kwa sababu kila kazi iliyoweza kufanywa mtambo ukiendelea kuzunguka, kama kusogeza kalibu na kupanga bolti, ilitangulizwa. Kwenu, simama na saa mkononi: fundi akienda stoo kutafuta spana wakati mtambo umezimwa, hapo umeiona hasara kwa macho.

Hata hivyo, dakika zilizookolewa si pesa bado. Mkizitumia kuongeza maboksi yasiyo na mnunuzi, mmezidisha mzigo tu (na wengi hufanya hivyo hivyo). Heri mpige mafungu madogo kulingana na oda, bohari ipungue na mkopo ulipwe mapema.

Hofu ya wenzako ina msingi, kwani hakuna atakayetoa wazo litakalomfukuzisha jirani yake. Katika kiwanda cha NUMMI, ambacho Toyota na General Motors walianza kukiendesha pamoja mwaka 1984 huko Fremont, Marekani, mauzo yalipopungua baadaye wafanyakazi hawakuachishwa kazi, bali walipelekwa mafunzoni. Ombeni ahadi ya kutoachisha watu kazi, kwa maandishi, kupitia chama chenu, kabla ya kazi kuanza; na muulize pia ni sehemu gani ya akiba itakayoingia katika malipo yenu.