Maji Yamepungua, Panya Wamebaki

SWALI: Shikamoo, daktari. Mafuriko ya Mto Matandu yaliingia shambani kwetu, mbuzi wawili wakafa, na panya wamehamia kwenye ghala la mpunga. Mume wangu anazibua mitaro akiwa peku, ilhali ana kidonda kisiginoni. Je, tunaweza kuugua? – Mama wa Kilwa

JIBU: Marahaba, mama. Hatari ipo, na kwa mkoa wetu wa Lindi si habari ya kusimuliwa tu, kwani mwaka 2022 homa ya mgunda iliwapata watu 20 wilayani Ruangwa, watatu wakafariki. Bakteria wake hutoka katika mkojo wa panya, ng'ombe, mbwa na wanyama wengine, nao huingia mwilini kupitia mchubuko, macho au mdomo. Kwa hiyo kisigino cha mumeo kinanitia wasiwasi kuliko mbuzi. Avae mabuti ya mpira, akifunike kidonda, na akitoka matopeni aoge kwa maji safi na sabuni.

Dalili huanza mara nyingi kati ya siku 5 na 14: homa, maumivu ya kichwa na ya vigimbi, macho kuwa mekundu. Kwa kuwa hufanana na malaria, kipimo kikionyesha hana malaria, asirudi nyumbani kimya kimya (wengi hufanya hivyo), bali amweleze mganga kwamba alikuwa kwenye maji ya mafuriko, maana antibiotiki husaidia zaidi zikianzwa mapema.

Mbuzi msiwachune, msiwale wala kuwatupia mbwa. Mwiteni afisa mifugo, kwani kifo cha ghafla huweza kusababishwa na kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu pia.