Kabla hujaandika kwamba konea imepungua

Mwaka wangu wa kwanza kliniki niliandika kwenye faili la mama mmoja kuwa unene wa konea yake, ule utando angavu wa mbele ya jicho, umepungua kutoka mikroni 548 hadi 531 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Daktari akasoma, akaniuliza: "Ulipima kwa mashine ipi?" Mara ya kwanza alipimwa kwa pakimita (kipima unene wa konea) ya ultrasaundi, ile ya kalamu inayogusa jicho, mara ya pili mimi nikatumia OCT, mashine inayopiga picha ya jicho kwa mwanga, kwa kuwa ndiyo ilikuwa karibu. Tukarudia kwa kalamu: 547. Mama wa watu alikuwa ameshaanza kuogopa bure.

Ninyi mnaoanza, elewe­ni kwanza kwamba pakimita ya ultrasaundi haipimi unene moja kwa moja. Inapima muda ambao wimbi la sauti linachukua kwenda na kurudi, kisha inapiga hesabu kwa kasi iliyowekewa, kwa kawaida mita 1,640 kwa sekunde. Kalamu ikikaa nje ya katikati, namba inapanda, kwa sababu konea hunenepa kuelekea ukingoni. Ikiinama, vivyo hivyo. Mkono wako ni sehemu ya mashine hiyo. OCT na Pentacam, mashine nyingine ya kupima konea, hutumia mwanga na hazigusi jicho, ila nazo hazisemi namba moja: OCT mara nyingi husoma chini kidogo ya ultrasaundi. Orbscan, nayo mashine ya mwanga, ilizoea kusoma juu, hata ikabidi namba zake zizidishwe kwa 0.92.

Usidharau mikroni 17. Konea yenye afya ina wastani wa karibu 540, na daktari wa macho Goldmann alipounda kipimo chake cha presha ya jicho alichukulia konea ya unene wa kawaida. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 uliwakuta watu wenye presha ya jicho iliyopanda na konea ya 555 kushuka chini wakiwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, kuliko wenye konea nene. Kubadili mashine tu kunaweza kumhamisha mgonjwa kutoka kundi moja hadi jingine.

Wenye utafiti wa shahada wa kulinganisha mashine, msinionyeshe r (namba ya uhusiano kati ya vipimo vya mashine mbili) ya 0.95 mkishangilia. Mashine inayoongeza mikroni 20 kwa kila jicho itakupa r nzuri sana, na bado huwezi kuitumia badala ya nyingine. Chora grafu ya Bland na Altman, inayoonyesha tofauti ya mashine mbili kwa kila jicho, tazama tofauti zimetawanyika kiasi gani, kisha jiulize kama ungemtibu mtu kwa tofauti hiyo.

Anza na mashine zisizogusa. Kalamu na matone ya ganzi viwe mwisho. Pima saa zilezile, na si mara mtu anapoamka, maana konea huvimba usingizini. Kabla ya kupima, uliza pia kuhusu lenzi za kuvaa jichoni, maana nazo huweza kubadili unene, na taja kabisa zile za rangi za harusini. Ukiuliza tu "unavaa lenzi?", bibi harusi wa juzi atakujibu hapana.