Kuiga ukuaji wa mtandao: mfanano peke yake hautoshi

Anayeanza kuchunguza kwa kompyuta namna mitandao ya mawasiliano inavyokua hutamani kuandika programu yenye kila kitu: ruta (vifaa vinavyoelekeza data njia ya kupita), nyaya, gharama, hitilafu na tabia za watumiaji. Ushauri wangu ni kuanza na kanuni moja tu, kwa sababu modeli yenye vigezo vingi huweza kurekebishwa hadi ifanane na karibu mtandao wowote, na hapo hutajua ni kigezo kipi kilichozaa mfanano huo.

Mimi huanzia kwenye modeli ya wanafizikia Albert-László Barabási na Réka Albert ya mwaka 1999. Nodi, yaani vituo vinavyounganishwa katika mtandao, kama vile ruta, huongezwa mojamoja, na kadiri nodi ya zamani inavyokuwa na viungo vingi ndivyo uwezekano wa kuunganishwa na nodi mpya unavyokuwa mkubwa. Mwenye nacho huongezewa. Ukiiendesha hadi nodi 10,000, kila mpya ikija na viungo viwili, takribani nusu yake zitabaki na hivyo viwili tu, ilhali chache, hasa zile za mwanzoni, zitajikusanyia mia na zaidi.

Matokeo hayo huvutia, na hapo ndipo pa kujihadhari. Mwaka 2004, watafiti Lun Li, David Alderson, Walter Willinger na John Doyle walionyesha kwamba mitandao yenye mgawanyo uleule wa viungo (yaani idadi zilezile za nodi zenye viungo viwili, vitatu na kuendelea) inaweza kutofautiana kabisa kimuundo na katika wingi wa data inayoweza kubeba. Ruta ina kikomo cha kazi: ikigawa uwezo wake kwa viungo vingi, kila kiungo hupata kasi ndogo. Kwa hiyo ruta zenye viungo vingi hufaa pembezoni, zinakokusanya watumiaji, huku kiini kikiwa na viungo vichache vya kasi kubwa. Modeli ya 1999, isiyojua gharama wala kasi, huziweka nodi zenye viungo vingi katikati.

Ndiyo maana sikubali modeli kwa grafu moja ya mgawanyo wa viungo, hata ipendeze vipi. Pima pia umbali wa wastani kati ya nodi, kiwango ambacho majirani wa nodi moja wameunganishwa wao kwa wao, na mzigo unaopitishwa; kisha jaribu kanuni pinzani, kwa mfano inayopunguza gharama ya nyaya, kwa vipimo hivyohivyo. Rudia kila jaribio mara nyingi, ukihifadhi namba inayoanzisha uteuzi wa kinasibu, kwani bila namba hiyo hata wewe mwenyewe hutaweza kuupata tena mtandao uleule.