Kabla hujaacha Mwanza kwa laki saba

Segerea, Dar es Salaam

Mwanangu Idrisa,

Salaam nyingi, na baba yako anakusalimu. Ujumbe wako nimeupata. Swali lenyewe si la kujibiwa kwa sauti ya WhatsApp nikiwa nimening'inia kwenye daladala, kwa hiyo nimekaa mezani niandike.

Umesema Mwanza wamekupa laki nne na nusu kwenye stoo ya kampuni inayopeleka vifaa migodini, na Dar umepata ofa ya laki saba kwenye ofisi ya klia, wale mawakala wa kutoa mizigo bandarini, pale Kurasini. "Mama, nije au nibaki? Na siku hizi kazi zinazolipa ni zipi?"

Kazi yangu unaijua. Kila mwisho wa mwezi mishahara ya watu inapita mikononi mwangu, kuanzia kibarua wa yadi mpaka meneja, kwa hiyo sitakuletea habari za kijiweni. Tuanze na hiyo laki saba, maana naona umeshaanza kuipangia matumizi.

Laki saba ni kabla ya makato. NSSF, mfuko wa pensheni, wanachukua asilimia 10, ambayo ni 70,000. Inabaki 630,000, na hiyo ndiyo inayotozwa kodi ya mshahara: PAYE inakuja 42,000. Halafu kuna Bodi ya Mikopo waliokukopesha chuoni, na hawa hawasahau mtu. Wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 105,000. Mkononi unabaki na 483,000. Ukiipitisha laki nne na nusu ya Mwanza kwenye hesabu hiyo hiyo, NSSF 45,000, PAYE 10,800, Bodi 67,500, unabaki na 326,700. Ile tofauti ya 250,000 uliyoniandikia na alama tatu za mshangao, ikifika mfukoni ni 156,300. Sijasema ni ndogo. Nasema hiyo ndiyo itakayokuhamisha mji, kwa hiyo uijue kwa jina lake.

Ukikaa hapa nyumbani hutalipa kodi ya nyumba, na chakula tutakula sufuria moja. Lakini nakujua, baada ya muda mfupi utataka chumba chako, na mwenye nyumba wa Dar hataki kusikia habari ya mwezi mmoja mmoja. Anataka miezi sita mbele. Chumba cha laki moja kwa mwezi ni laki sita kabla hujaingiza godoro, na mshahara wako wote wa mwezi haufiki hapo. Kutoka huku mpaka Kurasini utaunganisha magari, na Barabara ya Mandela siku malori yakiganda hakuna dereva wa daladala anayekuahidi saa ya kufika. Utatoka nyumbani gizani, urudi gizani. Hilo halipo kwenye barua ya ofa.

Sasa hilo swali la pili, la kazi zinazolipa. Kila mtu hapa atakujibu neno moja: bandari. Na hawakosei. Tangu kampuni ya DP World ya Dubai iingie mkataba mwaka 2023, na Adani ya India ikafuata mwaka 2024 kwenye gati za makontena, mambo yamechangamka. Mizigo ya Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi na Malawi inapita hapa, na kila kontena lina watu wanaolishika: wakala wa meli, wakala wa forodha, yadi, lori, bima. Ajira zipo. Ila mimi naiona sekta hiyo hiyo kwenye karatasi moja ya mishahara, na nakuambia watu wawili wa sekta moja, wanaoingia geti moja asubuhi, wanaweza wasifanane kabisa mwisho wa mwezi.

Kwenye yadi yetu kuna kijana anaendesha ile mashine kubwa ya kunyanyulia makontena. Hana digrii. Alianzia folklifti, akasomea mashine kubwa, akapata cheti chake. Siku akiumwa, yadi inasimama. Madereva wanatandika mikeka chini ya trela, mteja anapiga simu kutoka Lubumbashi, bosi anashuka mwenyewe kutoka ofisini kuuliza kijana ameamkaje. Mshahara wake unawapita maafisa wawili wa ofisini wenye digrii kama yako, na mwaka jana alipopata kwingine walimwongezea bila hata kikao. Pembeni yake wapo vibarua wa kupakia na kushusha. Wanafanya kazi ngumu kuliko ya kwake, tena kwenye jua hilo hilo, na wanalipwa kwa siku. Wakidai nyongeza wanaoneshwa getini, ambako deiwaka, vibarua wa siku, wengine wamejaa wanasubiri kuitwa. Bandari ni ile ile. Kwa hiyo mtu akikuambia "bandari inalipa", muulize inamlipa nani, na huyo akikosekana wanampata mwingine kwa muda gani.

Madereva wa masafa nao usiwaonee wivu haraka. Wanaokwenda Tunduma mpaka ng'ambo wanarudi na hela nzuri, nakubali. Lakini kampuni nyingi zinawaandikia mshahara mdogo kisha posho ya safari kubwa. Lori likilala wiki mbili mpakani au gereji, posho hakuna. Na michango ya NSSF ikihesabiwa kwenye ule mshahara mdogo, mtu anafika uzeeni na pensheni ya kuchekesha. Jambo hili litazame na wewe kwenye ofa yako: hiyo laki saba ni mshahara wa msingi, au ni laki nne na marupurupu? Hawajaandika. Wameandika "jumla".

Kuna kitu kingine nakiona ambacho huwezi kukisoma kwenye tangazo lolote la kazi, nacho ni maombi ya advansi. Ikifika katikati ya mwezi, foleni mlangoni kwangu si ya wanaolipwa kidogo peke yao. Wapo na wa milioni na zaidi: amekopa benki, amekopa kwenye simu, amechukua kiwanja kwa awamu Kibaha. Sitaji majina, lakini nimejifunza kutomheshimu mtu kwa tarakimu.

Mabenki na kampuni za simu? Wanalipa vizuri walioajiriwa nao. Vijana wengi unaowaona wamevaa fulana za kampuni hizo ni waajiriwa wa wakala, na mkataba wao ukiisha anayeagana nao ni wakala. Ajira za mtandaoni siwezi kuzizungumzia, muulize dada yako.

Ufundi, hapo nina neno. Tangu watu waanze kuikimbia bei ya petroli, gereji za kufunga mfumo wa gesi kwenye magari na bajaji hazipumziki, na DIT, chuo cha teknolojia hapa Dar, wenyewe wanaifanya kazi hiyo na kuifundisha. Kijana wa jirani yetu, yule aliyekuwa anakuazima baiskeli, ndiyo kazi yake sasa. Umeme wa majumbani pia, ukiwa na leseni ya EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, hukai bure. Wewe umesomea ununuzi na ugavi, sikwambii uanze upya chuo cha ufundi cha VETA. Nakuambia tu kwamba mtaani kwetu mwenye spana kwa sasa anamkopesha mwenye joho.

Serikalini omba, usiache, ila usikae ukisubiri. Mwaka 2025 TRA, mamlaka ya mapato, walitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu zaidi ya 135,000. Piga hesabu mwenyewe: kila kiti kinagombewa na watu zaidi ya themanini. Ni kweli kima cha chini cha serikali kilipanda kutoka 370,000 hadi 500,000 Julai 2025, na huko kuna uhakika wa kesho. Sekta binafsi nayo serikali ilitangaza wastani wa kima cha chini utoke 275,060 uwe 358,322 kuanzia Januari 2026, lakini kila sekta ina kiwango chake, na kima cha chini ni sakafu tu. Usikubali mtu akusifie kwamba anakulipa "juu ya kima cha chini" kama vile amekupa zawadi.

Nirudi Kurasini. Wamekuita "afisa uendeshaji". Cheo hicho kinaweza kuwa chochote. Kwenye ofisi ya klia kuna anayekaa kwenye mfumo wa forodha, anajua kuainisha bidhaa na ushuru wake, akikosea namba moja mteja analipishwa au mzigo unalala. Huyo wanamlea. Na kuna anayekimbiza makaratasi kati ya wakala wa meli, bandarini na TBS, shirika la viwango. Huyu wa pili analipwa nauli na matumaini, na kadiri shughuli zinavyohamia kwenye mifumo ya kompyuta ndivyo kazi yake inavyonyauka. Kinachomtoa mtu upande mmoja kumpeleka mwingine ni kile cheti cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki, kinachosomewa Chuo cha Kodi pale Mwenge. Kwa hiyo waulize wazi: nitakaa kwenye mfumo au nitakuwa barabarani? Mtanipeleka kusomea cheti, na nani analipa ada? Jibu lao litakuambia kama ile laki saba itakua au itazeekea hapo hapo.

Uangalie pia kazi yenyewe inaelekea wapi. Bandari kavu ya Kwala, kule Pwani, ilizinduliwa Julai 2025, na nia ni kuondoa msongamano wa makontena mjini. Leo unaajiriwa Kurasini, kesho unaambiwa ofisi imehamia Kwala, na kile chumba umekilipia miezi sita.

Na huko uliko usikudharau kwa sababu umekuzoea. Kanuni za mwaka 2018 zinaitaka migodi inunue bidhaa na huduma kwa Watanzania kadiri inavyowezekana, ndiyo maana kampuni kama hiyo iliyokuita ipo. Geita ni jirani yako, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 gari la mzigo halisubiri tena kivuko. Mtu anayejua vipuri vya mgodi kwa namba zake, anayejua kipi kinaagizwa miezi minne kabla na kipi kinapatikana Mwanza mjini, migodi yenyewe inamtafuta. Hicho huwezi kukijifunza ukiwa Kurasini. Na kwa digrii yako, mitihani ya bodi ya ununuzi, PSPTB, unaweza kuifanya ukiwa na kazi ya ugavi mkononi, si ukiwa kwenye foleni ya Mandela. Tahadhari ni moja: mgodi una mwisho. Buzwagi pale Kahama walifunga uzalishaji mwaka 2021, na waliojenga maisha yao yote juu ya mgodi mmoja walihangaika. Kwa hiyo uwe mtu wa ugavi, usiwe mtu wa Geita.

Mimi ningebaki Mwanza mwaka mmoja au miwili, nichukue hiyo stoo, nimalize mitihani, kisha nije Dar nikitafutwa. Hilo ndilo jibu langu, na baba yako hakubaliani nami. Yeye anasema laki saba ni laki saba, na kwamba mtu akishafika Dar mengine hufunguka. Msikilize na yeye, ila mwambie akuoneshe yalivyofunguka kwa mjomba wako.

Kitu kimoja kinaweza kunibadilisha mawazo. Kama Kurasini watakuandikia kwamba unakaa kwenye mfumo, watakusomesha hicho cheti, na mkataba usiwe wa miezi mitatu mitatu, basi panda basi uje. Hili la mkataba usilipuuze. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 haimlindi dhidi ya kuachishwa isivyo haki mtu ambaye hajafikisha miezi sita kwa mwajiri, na wapo wanaolijua hilo vizuri kuliko sala zao. Uliza pia saa za kazi. Mwisho wa kawaida ni 45 kwa wiki, zinazozidi ni ovataimu kwa mara moja na nusu. Kwenye klia meli haijui Jumapili, na ovataimu isiyoandikwa huwa inaitwa "moyo wa kujituma".

Na stoo ya Mwanza nao usiwape jibu kabla hujaomba laki tano. Waambie una digrii ya fani yao na unaanza mitihani ya bodi. Wakikataa pesa, waombe walipie ada ya mitihani. Mwajiri asiyetaka kupandisha mshahara mara nyingi anakubali kulipa ada, maana hiyo hairudi kila mwezi kwenye vitabu vyake. Nimeidhinisha nyingi za namna hiyo.

Nipigie picha ofa zote mbili, kurasa zote, hata ile ya nyuma yenye maandishi madogo, unitumie kabla ya Ijumaa. Usisaini, na usijibu kwa simu. Mtu wa Kurasini akikuharakisha kwamba nafasi inachukuliwa leo, mwambie mama yako anasoma. Na akikudai hela ya fomu au ya vipimo, kata simu.

Msalimie shangazi yako, na mwambie sangara wakavu alionituma wamefika salama.

Mama yako